Makala ya Virunga: nani alipe, na alipe kiasi gani?

Anayenunua makala, yaani makaa ya kupikia, katika soko la Virunga au Birere, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, hana haja ya kuuliza yametoka wapi. Sehemu kubwa hutoka Parki, yaani Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Huko kwenye miteremko ya volkano za Nyamulagira na Nyiragongo miti hukatwa, hufukiwa katika tanuru la udongo na kuchomwa polepole kwa siku kadhaa, kisha magunia hushuka mjini kwa mgongo, kwa pikipiki, kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na kwa lori. Kisheria mti wa Virunga haukatwi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1925, UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, na tangu 1994 imo katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Sheria ya uhifadhi ya mwaka 2014 inamruhusu hakimu kumfunga na kumtoza faini anayeiharibu. Maana yake ni kwamba ugali na maharagi ya mji mzima huivia juu ya kosa la jinai.

Tubishane basi juu ya lile lililo gumu: kosa likiwa la mji mzima, adhabu imwangukie nani?

Wanaotaka mkono mzito wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Walinzi wa Parki zaidi ya mia mbili wameuawa kwa miaka yote hii. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, makao makuu ya Parki, walinzi 12 waliuawa katika shambulio moja pamoja na dereva wao na raia wanne. Julai 2007 masokwe wa familia ya Rugendo walikutwa wamepigwa risasi na miili yao kuachwa palepale. Aliyewaua hakutaka nyama. Shaka ilielekea moja kwa moja kwenye biashara ya makala, kwa watu waliotaka walinzi wakate tamaa na msitu ubaki bila mwenyewe. Mwaka uliofuata, aliyekuwa mkubwa wa Parki katika eneo lile alikamatwa kwa tuhuma za kuhusika. Mjane wa mlinzi akisikia tunasema "tuwaonee huruma wakata miti", ana haki ya kutuuliza huruma yetu ilikuwa wapi siku ya msiba wake.

Tena wanauliza swali ambalo sijasikia likijibiwa vizuri: ukimsamehe huyu kwa kuwa ni maskini, utamwadhibu nani? Karibu kila anayeingia msituni na panga ni maskini. Sheria inayosimama mbele ya tajiri peke yake, mahali ambapo tajiri hashiki panga, hailindi mti hata mmoja.

Sasa tumwangalie anayekamatwa. Katika miaka ya 2023 na 2024 mamia ya maelfu ya watu waliokimbia vita walijazana katika kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, mlangoni kabisa mwa Parki. Chakula cha msaada hakikutosha. Akina mama wakaingia msituni kutafuta kuni na makala ya kuuza, ili wapate unga wa siku ile, na wengi wao walibakwa humo. Madaktari wa Médecins Sans Frontières walihudumia maelfu ya wanawake waliotendewa ukatili huo kuzunguka Goma, na wengi walieleza kwamba walishambuliwa walipokwenda kutafuta kuni au chakula. Kambi zilivunjwa Februari 2025, njaa ikabaki. Mama huyo ameulipia mzigo wake kwa bei ambayo hakuna mahakama ingethubutu kuiandika katika hukumu. Akifika kwenye kizuizi, akanyang'anywa gunia na kudaiwa pesa juu yake, mimi siiti hiyo adhabu ya haki hata kama kila kifungu cha sheria kimefuatwa. Na kwa kawaida hakijafuatwa: pesa huingia mfukoni, gunia nalo huuzwa na yule yule aliyelikamata.

Wazee wetu walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sheria za misitu ziliandikwa na watu walioshiba, na mpaka wa Parki ulichorwa na wakoloni bila kumsikiliza aliyekuwa akilima pale. Hilo halifanyi ukataji kuwa halali leo, ila linaeleza kwa nini kijijini maneno "mali ya taifa" hayamtii mtu hofu wala aibu.

Dola yenyewe pia haijatoa mfano wa kufuata. Julai 2022 Kinshasa iliweka mnadani vitalu 30 vya mafuta na gesi, vingine vikiwa vimeingia ndani ya Virunga. Mnada ulifutwa Oktoba 2024. Lakini kwa zaidi ya miaka miwili mama wa Kibumba angeweza kufungwa kwa kuchoma mti mmoja katika ardhi ambayo wakubwa walikuwa wakitafutia mnunuzi wa kuitoboa. Baadaye, mwisho wa Januari 2025, waasi wa AFC/M23 wakauchukua mji wa Goma, mabenki yakafunga, na swali la nani hasa ana mamlaka ya kuhukumu likazidi kuwa gumu. Adhabu hupata nguvu yake kwa yule anayeitoa, na hapa kwetu mtoaji amebadilika mara nyingi mno.

Husikika pia hoja ya hali ya hewa, ambayo hutumiwa vibaya na pande zote mbili. Anayetetea makala husema Kongo haichafui dunia. Kwa hesabu ya mafuta, gesi na makaa ya mawe ni kweli tupu: Mkongo mmoja hatoi hata kilo mia moja za hewa ya ukaa kwa mwaka, na Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani kumi. Kumwambia mama wa Goma kwamba anakamatwa ili kuokoa hali ya hewa ya dunia ni kumtusi. Ila hesabu hiyo haihesabu misitu. Kwa miaka mingi, hadi 2023, Kongo ilikuwa ya pili baada ya Brazil kwa kupoteza msitu wa asili wa kitropiki, na huku kwetu chanzo kikuu ni mashamba ya kujikimu na kuni za jikoni. Tanuru la udongo linakula kati ya kilo tano na kumi za mti ili litoe kilo moja ya makala. Kinachobaki kinapanda kuwa moshi kabla sufuria haijawekwa motoni.

Kisha kuna Kalehe, huko Kivu Kusini. Mei 2023 mvua ilinyesha juu ya milima ya upande wa magharibi wa ziwa Kivu, mito ikashuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa na maelfu hawakuonekana tena. Ubishi ulianza kabla ya mazishi kwisha. Huyu akasema ni mabadiliko ya tabianchi, nchi tajiri zilipe. Yule akasema ni sisi tuliovua milima miti na kujenga mdomoni mwa mto. Wanasayansi wa World Weather Attribution walijaribu kupima mchango wa tabianchi katika mvua ile, wakashindwa kutoa jibu kwa sababu takwimu za mvua za eneo hili ni chache mno. Kwangu mimi hilo ni dhuluma ya aina yake, kwamba nchi iliyopigwa haina hata vyombo vya kuthibitisha ilivyopigwa. Lakini mtu wa Bushushu hakuhitaji kuchagua kati ya majibu hayo mawili. Mvua inayozidi na mlima usio na mizizi hukutana kwenye mteremko mmoja. Ndiyo maana neno "sisi hatuchafui" haliniridhishi. Msitu hauishi kwa ajili ya hewa ya London peke yake. Unashikilia udongo juu ya vichwa vyetu.

Wapo wanaoamini teknolojia itatutoa kwenye ugomvi huu bila kumfunga mtu, na Goma ina sababu ya kutumaini. Mito inayotoka Virunga imeanza kuzaa umeme: Mutwanga mwaka 2013, Matebe mwisho wa 2015 kwa megawati 13.8, kisha Luviro huko Lubero. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wake wa jua wa megawati 1.3 mjini. Ukiongeza umeme unaotoka mto Ruzizi, tuko mbali na Goma ya gizani.

Ila tufanye hesabu. Jiko la umeme la kawaida hula kilowati moja. Megawati 13.8 za Matebe zikienda zote kwenye majiko ya namna hiyo, ni majiko yasiyofika 14,000 yanayowaka kwa wakati mmoja, bila taa, bila kinu, bila pampu ya maji, katika mji wenye watu zaidi ya milioni moja ambao wengi wao huinjika sufuria saa zile zile za jioni. Sufuria ya presha ya umeme inasaidia kweli, maana maharagi yanayokula makala kwa saa nyingi huiva mapema na kwa umeme mdogo. Lakini sufuria hiyo hununuliwa kwa pesa nyingi kwa mara moja, na makala hupatikana kwa mfuko mdogo wa plastiki, kiasi cha chakula cha leo. Mwenye kipato cha siku kwa siku hushindwa na bei ya kuanzia hata kama mwisho wa mwezi umeme ungemgharimu kidogo.

Hapo ndipo habari ya Luviro inapochoma. Tangu 2020, Parki imetumia umeme wa mtambo ule kuendesha kompyuta zinazochimba Bitcoin. Wenye Parki wanajieleza kwa hoja nzito: mtambo ulikamilika kabla ya waya kufika kwa wateja, umeme usiotumika hupotea, na mapato ya utalii yalikuwa yamekatika kwa sababu ya vita, Ebola na korona wakati walinzi walihitaji kulipwa. Mimi naikubali hoja hiyo kwa kipindi cha mpito. Siikubali kama mpango wa kudumu. Mto unaotoka katika msitu ambao watu wamekatazwa kuugusa unapaswa kwanza kupika chakula cha watu hao. Vinginevyo katazo linabaki lao na faida inakwenda kwenye mashine.

Tuirudie adhabu, kwa kuwa kuna jambo la kujifunza kutoka mbali. Saúl Luciano Lliuya, mkulima wa Peru, aliishtaki kampuni ya umeme ya Ujerumani, RWE, kwa hatari ya mafuriko inayoukabili mji wake kutokana na barafu inayoyeyuka. Hakutaka RWE ibebe mzigo wote. Alidai sehemu yake tu, kadiri ya mchango wake katika uchafuzi wa dunia, isiyofika hata asilimia moja. Mei 2025 mahakama ya Hamm ilikataa dai lake kwa kuwa hatari kwa nyumba yake ilionekana ndogo, lakini ilikubali kwamba kimsingi mchafuzi mkubwa anaweza kuwajibishwa kwa sehemu yake.

Kama tunaiona haki hiyo kuwa nzuri tunapowadai matajiri wa Ulaya, tuilete nyumbani. Gunia moja la makala lina mikono mingi. Kuna aliyekata, aliyechoma, aliyebeba. Kuna watu wenye silaha wanaotoza kila tanuru. FDLR, waasi wenye asili ya Rwanda, wametajwa kwa miaka mingi katika biashara hii, na hawakuwa peke yao. Kuna mwenye lori, kuna mwenye sare anayefungua kizuizi kwa noti, kuna mwenye depo, yaani ghala la makala, na kuna sisi tunaopika, mtaa wa wenye nacho wa Himbi kama mtaa wa watu wa chini wa Ndosho. Kila mmoja apimwe kwa mambo mawili: alipata faida gani, na alikuwa na njia gani nyingine ya kuishi. Kwa mzani huo mama mwenye gunia moja hapaswi kulala gerezani hata usiku mmoja. Mwenye lori apoteze lori. Na mwenye sare anayeuza njia ndiye wa kwanza kubebeshwa uzito wote wa sheria, maana yeye alikuwa na mshahara, japo mdogo, na kiapo.

Najua pingamizi la kwanza litakuwa lipi, na ni la kweli. Siku adhabu ya lori itakapopanda, lori litageuka kuwa pikipiki mia na chukudu mia mbili, na tajiri atajificha nyuma ya wale wale tunaotaka kuwahurumia. Lakini magunia hayo lazima yakutane tena mahali fulani kabla ya kugawanywa sokoni. Yanakutana depo. Hapo ndipo pa kuuliza mzigo umetoka wapi, na hapo makala ya miti iliyopandwa, kama yale ya mpango wa EcoMakala ambao WWF waliuanza pembezoni mwa Virunga, yanaweza kutenganishwa na makala ya Parki kwa karatasi na alama ambayo mwenye depo anaijibia yeye mwenyewe.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na sijui mwanasiasa atakayelisema hadharani. Depo zikibanwa, bei ya makala itapanda, na itamgusa kwanza yule anayenunua kwa mfuko mdogo. Kwa hiyo depo zisibanwe kabla ya sufuria za umeme kuanza kutolewa kwa malipo ya kidogo kidogo katika mitaa ya watu wa chini, Ndosho na Majengo kabla ya Himbi. Tukianza na adhabu na kuahirisha majiko, mji hautaacha kupika. Makala yatakuja kwa boti kutoka ng'ambo ya ziwa, na mlima utakaokatwa utakuwa wa Kalehe.