Waingereza nao walijua kutoa pole

Mwaka wa tisa sasa niko Uingereza, na bado misiba ya huku inanishinda. Kwetu Moshi mtu akifa, jua halijazama turubai limeshafungwa, akina mama wako jikoni, na kila anayeingia anawapitia wafiwa mmoja mmoja: pole baba, pole mama, pole shemeji. Huku mwenzangu kazini alifiwa na mwanawe. Tukapitishiwa kadi ya kusaini, tukaambiwa tusimsumbue. Wiki ya pili yuko mezani kwake, na hakuna anayelitaja jina la mtoto.

Nilidhani ndivyo walivyo tangu zamani, mpaka kwaya yetu ilipoanza kujifunza nyimbo za enzi za msiba wa Henry, mrithi wa Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, aliyekufa kwa homa Novemba 1612 akiwa na miaka 18. Tuliimba kilio cha Mfalme Daudi wa Biblia kwa mwanawe Absalomu, kama alivyokitunga mwanamuziki Thomas Tomkins. Wataalamu wengi wanakihusisha na msiba huo. Neno "mwanangu" sauti moja inalidaka kabla nyingine haijalimaliza, kama akina mama wanavyopokezana kilio mlangoni.

Ila kilichonikamata ni kitabu cha nyimbo za kumwomboleza Henry, cha mtunzi John Coprario cha 1613, maneno yakiwa ya mshairi Thomas Campion. Kina nyimbo saba, na kila wimbo una mwenyewe. Wa kwanza ni wa baba, mfalme. Kisha mama, Malkia Anne. Kisha mdogo wa marehemu, Charles. Dada yake, Elizabeth. Halafu Frederick, mchumba wa Elizabeth. Hata shemeji ambaye ndoa yake ilikuwa haijafungwa Henry alipokufa kapewa pole yake! Ndipo inafuata Uingereza, na mwisho dunia nzima. Huo ni mstari wetu wa chini ya turubai, hatua kwa hatua.

Kwa hiyo mtu akiniambia kumwacha mfiwa peke yake ndio utamaduni wa Kiingereza, sikubali tena. Walikuwa na desturi ya kutoa pole, wakaiacha njiani. Na sisi tunaoanza kutuma rambirambi kwa simu bila kufika, tunaelekea huko huko.

Jumamosi nilipika wali na maharage ya nazi, nikampelekea yule mwenzangu. Nikamwambia pole, nikamtaja mwanawe kwa jina. Alinishika mkono, akanikalisha, akatoa picha za mtoto moja baada ya nyingine, hadi chai ikapoa.