Siku Niliyoyasumbua Mafua

Bosi wetu ni Mwingereza, na mimi siku hiyo nilikuwa na mafua ya kweli, pua haifungiki. Nikaona "sick" ni neno la watoto wa shule. Ruhusa yangu nitaiomba kwa Kiingereza kilichovaa tai. Nikafungua kamusi, nikakuta "ail": kuugua. Fupi, la kale, halijachakazwa na watu. Nikaandika "I ail flu", nikatuma, nikajifunika shuka.

Baada ya dakika 5 jibu likaja, kwamba masikini mafua, niyape mapumziko. Nikadhani ni methali ya kwao.

Kumbe nilijiponza kwa Kiswahili changu mwenyewe. Sisi tunasema "naugua mafua": mtu kwanza, ugonjwa baadaye. "Ail" halikubali mpango huo. Lenyewe linakwenda kama kuuma, yaani "tumbo linaniuma": mtesaji hutangulia, mteswa hufuata. Likikaa peke yake bila mteswa ndipo huwa kuugua, tena zaidi kuugua kule kwa muda mrefu. Ndiyo maana magazeti yao hupenda kusema "ailing" kwa kampuni inayochungulia kaburi au uchumi uliogoma kuinuka. Basi mimi nilikuwa nimemwarifu bosi, kwa maandishi, kwamba ninayasumbua mafua.

Jioni simu ikalia. Bosi mwenyewe, sauti imejaa kicheko, akanirudishia neno langu: "So, what ails you?" Yaani, nini kinakusumbua?

Sasa, neno hilo nilikuwa nimelijua kwa macho tu. Kichwani nililisoma "a-ili", kila herufi na haki yake. Waingereza hulitamka "eil", sawasawa kabisa na "ale", ambayo ni bia. Na masikio nayo yalikuwa yameziba. Nilichosikia mimi ni bosi akiuliza natumia bia gani. Nikamsifu moyoni: huyu ndiye kiongozi, mtu yuko kitandani anaulizwa kinywaji!

Nikamjibu kwa adabu zote, yoyote tu bosi, mradi iwe baridi, na ikiwezekana ziwe mbili.

Kimya.

"Baridi? Na mafua hayo?"

"Ndizo zinazoshuka vizuri, bosi."

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye meza yangu kazini, napiga chafya, mafua yakinisumbua kwa sarufi sahihi.