Usiikimbie Kutu, Kimbia Rangi Mpya

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Nilikuwa nimeiegemeza baiskeli ukutani nikiipangusa vumbi kwa kitambaa cheupe, karibu na bawaba ya katikati ya fremu, pale inapokunjwa, kitambaa kikanasa uzi. Nikarudisha mkono, kikanasa tena palepale. Nikaleta tochi, nikainama. Chini ya rangi nyekundu iliyong'aa kama ya kitu kipya kulikuwa na mstari uliofuata ukingo wa maunganisho ya alumini, na rangi juu yake ilishaanza kupasuka kwa njia hiyohiyo. Nilikuwa nimeiendesha siku tisa.

Tangu hapo nina msimamo mmoja ambao sijaona sababu ya kuuacha. Ukitafuta baiskeli ya kukunja ya mtumba, ya bei ya chini, usiikimbie yenye kutu. Ikimbie iliyopakwa rangi juzi.

Baiskeli ya kawaida ina fremu ya pembetatu, na mzigo ukija mabomba yanagawana. Ya kukunja mara nyingi haina bahati hiyo. Bomba moja nene linatoka kwenye usukani hadi chini ya kiti, na katikati yake limekatwa, likawekewa bawaba na kibano. Uzito wako wote, kila shimo la barabarani, kila unapokanyaga pedali umesimama, vyote vinapitia kwenye mkato huo. Tatizo lenyewe lina umri. Jeshi la Ufaransa lilikuwa na baiskeli ya kukunja ya Kapteni Gérard tangu miaka ya 1890, na katika Vita Kuu ya Pili askari wa miamvuli wa Uingereza waliruka na baiskeli za kiwanda cha BSA zilizofungwa katikati kwa nati mbili zenye masikio, za kukaza kwa vidole. Andrew Ritchie alipoanza kuibuni baiskeli ya kukunja ya Brompton jijini London katika miaka ya 1970, na David Hon, mwanafizikia, alipoanzisha kampuni ya baiskeli za kukunja ya Dahon huko California mwaka 1982, wote walikuwa wakihangaika na swali lilelile: unaukataje mfupa wa baiskeli halafu uubebeshe mtu? Kila mmoja alikuja na jibu lake, lakini hakuna jibu linalofaa kitu kiungo kikishaanza kucheza.

Kwa hiyo unapokwenda kuiangalia baiskeli, anzia hapo, kabla hujagusa kengele wala kuuliza bei. Ikunje, ifungue, ikunje tena. Kisha weka kidole juu ya mwanya wa bawaba, nusu upande huu nusu upande ule, shika breki ya mbele kwa mkono wa pili, na isukume baiskeli mbele na nyuma. Jicho halioni mchezo wa nusu milimita, kidole kinausikia. Ikicheza, usikate tamaa mara moja, maana pengine kibano kimelegea tu na kuna nati ndogo ya kukikazia. Wenzo wa kibano unapaswa kuanza kukataa ukiwa nusu ya safari yake, na kuumalizia kutake nguvu ya kiganja. Ukishakaza hivyo na bado kidole kinasikia mchezo, basi pini ya bawaba au tundu lake limelika, na hiyo si kazi ya jioni moja. Mwachie mwenyewe.

Rudia hayohayo kwenye shingo ya usukani. Mimi naiogopa zaidi bawaba ya usukani kuliko ya fremu. Ile nguzo ni ndefu, mikono yako inaivuta juu huku bawaba iko chini kabisa, na ikikatika hupati hata sekunde ya kujitayarisha. Unakwenda uso mbele. Nimeona watu wakikagua tairi, gia, hata skrubu za madigadi, kisha wakalipa bila kuinama kutazama mzizi wa usukani. Inaniuma kila nikiona.

Sasa, rangi. Kwenye rangi ya zamani ufa wa chuma hujitangaza, kwa sababu unatoa mstari wa kahawia kama machozi yaliyokauka. Kwenye alumini rangi ya zamani hubanduka kufuata ufa. Rangi mpya inafuta ushahidi wote huo kwa mchana mmoja. Nilipokwangua ile nyekundu yangu kwa msasa nilikuta alama za tupa. Fremu ilishapasuka zamani, mtu akaichomelea, akaisawazisha kwa tupa ikawa laini, akapaka. Watu wengi hawajui kwamba fremu nyingi za alumini hupata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu kiwandani baada ya kuchomelewa. Ukirudi baadaye na kuchomelea mahali pamoja tu, unailainisha alumini iliyo pembeni ya weldi. Itashika wiki kadhaa, itapendeza macho, kisha itapasuka pembeni ya ule ufa wa kwanza. Chuma cha kawaida kinavumilia zaidi mikono ya fundi mzuri wa kuchomelea, ingawa hata hicho sikishauri kwenye bawaba, kwa sababu joto hupinda, na bawaba iliyopinda kidogo tu haifungi tena sawasawa.

Aliyeniuzia nilimpigia simu. Akasema na yeye aliipata hivyohivyo. Huenda ni kweli, na hilo ndilo baya zaidi, kwamba kitu hiki kinapita mikono mitatu minne na hakuna anayejiona mwenye kosa.

Ya pili niliinunua kwa sababu ilikuwa mbaya. Ya chuma, magurudumu madogo, rangi ya asili iliyofifia na kumenyeka, mnyororo uliokauka ukawa kijiti, tairi zimepasuka ubavuni. Lakini bawaba ilikuwa nzima, haikucheza hata chembe, na rangi iliyoizunguka ilikuwa ya kiwandani. Kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, chini ya grisi iliyoganda, nikakuta jina la Sturmey-Archer na tarakimu 74. Kiwanda hicho kilikuwa na desturi ya kupiga chapa ya mwaka kwenye habu zake, kwa hiyo nilijua nashika gia tatu zilizoundwa mwaka 1974. Nilizitia mafuta mepesi kidogo kwenye kitundu chake, nikarekebisha waya, zikaingia zote tatu. Sikufungua kitu. Nilikaa pale sakafuni naizungusha tu kwa mkono, naisikiliza ikitikitika.

Nguzo ya kiti ndiyo iliyonitesa. Mwenye nayo mmojawapo aliwahi kuweka nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma, bila grisi. Metali hizi mbili zikikutana na unyevu, alumini hulika na kutoa unga mweupe unaovimba na kujikaza kama saruji. Kwenye baiskeli ya kukunja hali huwa mbaya zaidi, maana nguzo ni ndefu na sehemu inayoingia ndani ni ndefu pia. Na nguzo isiyoshuka maana yake baiskeli haikunjiki.

Kosa la kwanza ambalo karibu kila mtu hufanya, na mimi nilikaribia kulifanya, ni kuchukua moto. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Ukiipasha yote pamoja, nguzo inazidi kujibana humo ndani. Kinachosaidia ni baridi. Niligeuza baiskeli miguu juu, nikamimina mafuta ya kulegeza kutu kupitia upande wa chini ili yateremke hadi kwenye maungio, nikaiacha. Kesho yake tena. Siku ya tano nikaifunga nguzo kwa vipande vya barafu ndani ya kitambaa, nikasubiri hadi ikawa haishikiki, kisha nikaibana kichwa chake kwenye jiliwa na kuishika fremu yenyewe kama usukani wa meli. Nikasukuma. Haikusogea. Nikaongeza mafuta, nikalala. Siku ya nane, saa tatu usiku, ilitoa sauti kama mlango wa zamani na kuzunguka upana wa ukucha. Nilisimama. Nikaogopa kuigusa tena nisije nikaharibu. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kuzungusha kulia na kushoto huku naivuta, na ilipotoka ilikuja na unga mweupe wa kujaza kijiko. Ndani ya bomba nilipitisha msasa uliozungushwa kwenye kijiti, nikafuta, nikapaka grisi. Kila mwezi sasa naitoa na kuipaka upya.

Kutu ya juujuu, ile inayowatisha wanunuzi, ilichukua mchana mmoja. Vitu vidogo nilivilaza kwenye siki usiku kucha, nikavisugua kwa brashi, nikavisuuza kwa maji yenye magadi ili siki isiendelee kula, nikavikausha na kuvipaka mafuta. Kromu ya usukani niliisugua kwa karatasi ya alumini iliyofinyangwa na kuloweshwa maji. Inatoka nyeusi, inatisha kidogo, kisha unapangusa na kujiona usoni.

Pedali za ile nyekundu zilikuwa nzima, nikazihamisha. Hapa nitoe tahadhari moja kwa asiyejua: pedali ya kushoto ina hesi za kinyume. Inafunguka kwa kuzungusha spana upande ambao kila kitu kingine hukazwa. Wengi wameharibu kranki nzuri, ule mkono unaoshika pedali, kwa kubishana nayo.

Tairi nazo nilidhani nitahamisha, na hapo nikajifunza kwa hasara ya muda. Baiskeli zote mbili zina magurudumu yanayoitwa ya inchi 20. Lakini inchi hiyo ni jina tu. Ukitazama ubavuni mwa tairi utakuta tarakimu kama 47-406 au 37-451; ile inayofuata kistari ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Nyekundu ilikuwa 406, hii ya zamani 451. Tofauti ya milimita 45 haivutwi kwa nguvu. Zile za inchi 16 zina mtego huohuo, kuna 305 na kuna 349. Kabla hujakubali bei, soma tarakimu hiyo na uhakikishe tairi zake unaweza kuzipata, kwa sababu fremu nzuri isiyo na tairi inabaki kuwa mzigo wa nyumbani.

Mnyororo upime kwa rula. Pini 24 mbele ya ile unayoanzia, mnyororo mpya unatoa milimita 304.8. Ukifika 306 na nusu, badilisha. Ukikaribia 308, umeshaanza kula meno ya gia, na huenda mnyororo mpya ukaruka juu ya meno ya zamani. Waya za breki usizipime wala kuzionea huruma, badilisha zote pamoja na maganda yake. Kwenye baiskeli ya kukunja waya hupindwa kila siku, na kutu hukaa ndani ya ganda usikoiona. Rimu ya mbele niliibadilisha pia. Ilikuwa ya chuma chenye kromu, na rimu ya namna hiyo ikilowa breki zinateleza juu yake kana kwamba hazipo. Nimeweka ya alumini, na hiyo ndiyo gharama pekee kubwa niliyoingia ambayo ningeirudia kesho.

Watu huniambia gurudumu dogo linachosha kwa sababu linazunguka mara nyingi. Linazunguka mara nyingi kweli, lakini miguu yako haizunguki nalo. Gurudumu la 406 linakwenda kama mita moja na nusu kwa mzunguko, na la baiskeli kubwa kama mita mbili na kidogo, ndiyo maana gia ya mbele ya baiskeli ya kukunja huwa na meno mengi, 52 ni kawaida. Ukikokotoa, kila mkanyago unakupeleka karibu sawa. Kinachochosha ni mashimo, maana gurudumu dogo linazama pale ambapo kubwa lingepita juu. Jaza upepo vizuri, na kwenye mashimo inua makalio.

Sikuipaka rangi. Nimeulizwa sana kwa nini, baada ya kazi yote hiyo. Pale palipomenyeka nilipangusa, nikapaka mafuta mepesi ili kutu isiendelee, basi. Nataka kila anayeinama kwenye bawaba yake aone chuma chenyewe, na siku moja nikiiuza nataka mnunuzi asione kitu kingine chochote.

Ile nyekundu nilitoa kila kilichofaa: pedali, kiti, wenzo za breki, kengele. Ikabaki fremu tupu, bado inang'aa, na jirani akaniomba nimpe, alikuwa na mtu wa kumtengenezea. Nikamwonyesha ufa. Akasema hautaonekana ukipakwa vizuri. Jioni ile niliibana kwenye jiliwa, nikaweka msumeno wa chuma juu ya bawaba, na nikaikata vipande viwili.