Akiba ya bajeti inalipwa na saa za mama

Serikali ikipunguza matumizi, kazi iliyokuwa ikilipiwa haitoweki. Mgonjwa bado ataogeshwa, mtoto atakula, na maji yatafika nyumbani, hata kwa kichwa cha mtu. Hilo ndilo alilolishikilia Diane Elson, mchumi Mwingereza aliyefundisha Manchester na baadaye Essex, alipoandika mwaka 1991 juu ya masharti ya mikopo ya IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) na Benki ya Dunia. Sera zile, alisema, zilichukulia kazi ya wanawake nyumbani kana kwamba inavutika bila kikomo. Hospitali ikimtoa mgonjwa mapema, vitabu vyake vinapendeza. Uuguzi uliobaki unamwangukia mke, dada au binti, asiyelipwa na mtu.

Sisi wa Lubumbashi, Kongo ya Kinshasa, tunalijua jambo hili kwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wanaoutetea wana hoja nzito. Kampuni iliyotoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imeporomoka hadi chini ya tani 50,000, na mishahara haikulipwa kwa miezi mingi. Tena hakuna anayeumizwa na bei kupanda kama mama anayenunua chakula kila siku: mwaka 1994 mfumuko ulipita 9,000%. Kuutuliza baada ya 2001 kulisaidia kila nyumba, na sitalikana.

Lakini hesabu ile iliishia langoni mwa kampuni. Wazee wetu wanakumbuka kwamba kazi ya Gécamines ilikuwa mshahara, posho ya unga, hospitali na shule. Baba alipotoka na fungu lake la dola, ni nani aliyetafuta unga? Mama alilima mahindi nje ya mji, akauza makala (makaa) kwa mafungu, akamuuguza nyumbani aliyepaswa kulazwa. Sijaona ripoti ya mageuzi yale iliyoandika kazi hiyo kama gharama, ingawa ndiyo iliyozuia familia zisife njaa.

Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilitoa takwimu ambayo naona haijasomwa ipasavyo kwetu: kwa siku, wanawake wanatumia saa 4 na dakika 25 kwa kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa, wanaume saa 1 na dakika 23. Huo ni wastani unaomchanganya mwenye mashine ya kufulia na mwenye beseni. Sasa chukua nyumba ya watu saba kule Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kila mtu akitumia lita 20 tu kwa siku. Ni bidoni (madumu) saba za lita 20, kilo 140 za maji, na msichana ameshapanga foleni kabla ya jua. Umeme ukikatika, mbabula, jiko la makaa, inawashwa, na maharagwe yanakula saa za asubuhi huku mama akiuza nyanya mlangoni na mtoto yuko mgongoni. Hizo ni kazi tatu kwa saa moja. Dodoso la kawaida litaandika moja. Hata kanuni za kimataifa za kupima uchumi wa nchi za mwaka 1993 zinayahesabu maji yaliyochotwa kuwa uzalishaji, lakini bukari (ugali) iliyosongwa kwa maji hayohayo haihesabiwi.

Wanaopinga kuihesabu kazi hii wanasema kuipa bei ni kucheza na namba, na kuilipa kutawafunga wanawake jikoni. Hofu ya pili naielewa. Ila Elson haombi mshahara wa jikoni: anataka kazi hii itambuliwe, ipunguzwe na igawanywe upya. Kwetu, kupunguza kunaanza na bomba la mtaa na umeme usiokatika, mambo ambayo bajeti ikibanwa huahirishwa kwanza.

Januari 2025 IMF iliidhinisha mpango mpya na Kongo. Wakaguzi watakapokuja kupima nakisi na akiba ya fedha za kigeni, Taasisi ya Taifa ya Takwimu ingeweza kuwapa jibu la swali jepesi, lililoulizwa Katuba, Kenya na Ruashi, mitaa yetu ya Lubumbashi: jana ni nani aliyechota maji, na ilimchukua saa ngapi?