Chai Yenyewe Ina Maziwa?
Mtu akitoka zamu ya usiku si aachwe alale? Leo asubuhi nimefika nyumbani hapa Lowell, Massachusetts, Marekani, hata viatu sijavua, sakafu inatetemeka. Mpwa wangu na wenzake wako chini ya nyumba na magitaa.

Nikashuka kwa heshima zangu zote, shuka kiunoni. Muziki huo wanauita metalkoa: ni pank, ile roki ya haraka na fujo, iliyobebeshwa uzito wa roki ya metali. Magitaa yanalegezwa nyuzi mpaka yanakoroma, ngoma zinakimbia, halafu ghafla mwendo unakuwa mzito na vijana wanaanza kurusha mateke hewani. Yupo na mwimbaji, ila yeye ananguruma tu. Mpwa wangu kanionyesha maneno kwenye simu: machungu matupu, tena mazuri. Sasa si ayaimbe tuyasikie!

Nilitarajia bangi na chupa. Wapi! Wamejichora X nyeusi mikononi: hawanywi, hawavuti. Moyo ukanilegea. Watoto wa maana hawa! Nikawakaribisha juu tunywe chai.

"Mjomba, ina maziwa?"

Jamani. Chai. Ina maziwa?

"Basi sisi tupe maji tu."

Mandazi? Yana yai. Asali? Nyuki wanadhulumiwa. Nikataja mbuzi wa jana, mmoja akafumba macho kama aliyeambiwa msiba. Kumbe kuna bendi ya Syracuse, Earth Crisis, inanguruma tangu miaka ya 1990 kutetea wanyama, na hawa wameshika dini hiyo kuliko mimi ninavyoshika yangu. Sasa nguvu ya kupiga kelele namna ile mnaitoa wapi? Kwenye sukuma wiki?

Mpwa wangu akaanza kunifundisha historia: eti bendi ya Converge ilianzia Salem, hapo tu, mwaka 1990, eti albamu yao ya Jane Doe ya 2001 haijapata mpinzani, eti Killswitch Engage nao ni wa Westfield, jimbo letu hili hili. Vizuri. Kati ya hao, nani analipa kodi ya hii nyumba?

Mwenye nyumba kashapiga simu. Jirani kagonga ukuta. Dada yangu naye kapiga kutoka Kisii, anauliza mtoto anakula vizuri. Nimemwambia mtandao unakatika.

Nikaenda dukani, mgeni ni mgeni, nikanunua maziwa ya oti. Bei yake mmeiona? Na foleni ile, mashine tatu, mhudumu hayupo, unajiskania mwenyewe kama umeajiriwa! Nimeyachemsha. Hayatoi hata malai.