Nguvu ya Dola

Ujumbe wa kiongozi wa darasa ulikuwa na maneno matano tu: "Alhamisi wewe. Nguvu ya Dola." Nikafurahi, hiyo naiweza! Siku tatu nikakesha na vitabu vya uchumi.

Alhamisi nikasimama mbele, shati limenyooka mpaka kola inakata. Nikafungua kwa kishindo: "Dola ina uso wa George Washington!"

Darasa zima la sayansi ya siasa likanikodolea macho. Mhadhiri akaandika kitu. Nadhani alifikiri ni tamathali ya semi. Nikapata moyo. Nikawapeleka kwenye mkutano wa Bretton Woods mwaka 1944, dola ilipofungishwa ndoa na dhahabu, wakia moja kwa dola 35, nikamleta Rais Nixon wa Marekani akiivunja ndoa hiyo mwaka 1971.

"Sawa," mhadhiri akanikatiza, "lakini dola ikianguka, raia wafanyeje?"

"Wenye akili huwa wameshaibadilisha mapema."

"Kwa mapinduzi?"

"Hapana, dirishani tu. Unatoa kitambulisho, unasaini."

Nyuma kuna mtu akaanza kukohoa, na haikuwa mafua.

"Na raia wanaweza kuishi bila dola?"

"Mimi mwenyewe sijawahi kuishika, mwalimu, na nipo."

Akavua miwani. "Hebu nitajie vyombo vya dola."

Hapo nikababaika kidogo, maana kitabuni kipengele hicho sikukiona. Nikajikaza: "Pochi. Kasha la chuma. Na wengine, chini ya godoro."

Polisi, jeshi na magereza, vyote nimevitia chini ya godoro! Darasa likapasuka. Rafiki yangu, machozi yakimtoka, akanisukumia daftari lake: dola, kwa Mkataba wa Montevideo wa 1933, sharti iwe na watu wa kudumu, eneo lenye mipaka, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Yangu ilikuwa na Washington peke yake. Neno moja limetoka kwa Waarabu, dawla. Jingine asili yake ni thaler, sarafu ya fedha ya Wajerumani. Yametoka mbali kote huko yaje yakutanie kichwani mwangu, tena Alhamisi.

Mhadhiri, mtu wa huruma, akanipa nafasi ya pili. "Wiki ijayo utatueleza kuhusu jimbo."

Safari hii sikuandika hata herufi kabla ya kunyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. La mbunge, la askofu, au moja kati ya yale 50 ya Marekani?"

Miwani ikavuliwa tena.