Kusasisha kompyuta ya dukani si kazi ya Jumanne

Nina steshenari ndogo Mwanjelwa: kompyuta tatu, printa mbili na mashine ya kopi ambayo kila asubuhi ya Julai lazima iungurume kwanza ndipo ikubali kufanya kazi. Baridi ya Mbeya haichagui. Kompyuta zote zinatumia Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Wateja hawajui wala hawajali, wao wanataka barua itoke.

Julai mwaka jana, Jumanne, mwalimu mmoja alikuwa ameketi anarekebisha mtihani wake kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia. Kijana wangu, kwa nia njema kabisa, akafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika `apt upgrade -y`, amri ya kusasisha programu zote, kama nilivyomfundisha mwenyewe. Haikupita muda umeme ukakatika. Uliporudi, LibreOffice haikufunguka. Nilipoiuliza apt, programu inayopakua na kusakinisha nyingine, ikanijibu kwamba dpkg, msaidizi wake anayesakinisha, imekatishwa njiani, niendeshe `dpkg --configure -a`. Nikaendesha, kisha `apt --fix-broken install`, vifurushi, yaani mafaili ya programu, vikaanza kujipanga kimoja kimoja. Mwalimu akatazama saa, akachomoa flashi yake. "Basi kaka, tutaonana." Mtihani ukachapwa duka la jirani.

Tangu siku hiyo nashikilia jambo moja: kupakua na kusakinisha ni kazi mbili, kila moja ina saa yake. Tunazichanganya kwa sababu amri ni moja. Lakini `apt-get -d upgrade` inapakua tu, inaishia hapo. Naiendesha usiku kwa bando la usiku. Jumapili mchana, duka limefungwa, nasakinisha bila hata intaneti. Umeme ukikatika, anayesubiri ni mimi na chai yangu. Sharti ni kutoendesha `apt update`, inayoleta orodha mpya ya vifurushi, tena hapo katikati, maana orodha ikibadilika baadhi ya ulivyopakua vinaweza kuwa vimeshapitwa.

Mafaili yenyewe hukaa kwenye `/var/cache/apt/archives`. Nikishapakua kwenye mashine moja, nanakili kwa flashi kwenda nyingine za toleo lilelile, nazo zinabaki kupakua orodha tu. Ila `apt-get` huyaacha mafaili hayo baada ya kusakinisha, wakati `apt` huyafuta. Hilo nililijua baada ya kununua bando mara mbili kwa kitu kilekile.

Halafu ile -y, inayojibu "ndiyo" kabla hujaulizwa. Nimeipiga marufuku dukani. `apt upgrade` haiondoi kifurushi kilichopo, lakini `full-upgrade` inaweza kuondoa ikiona kinazuia njia. Siku moja kwenye orodha ya vya kuondolewa nikaikuta draiva ya printa yangu ya zamani, niliyoihangaikia wiki nzima. Nikabonyeza n, yaani hapana, nikaifunga kwa `apt-mark hold` isiguswe, nikabandika karatasi pembeni ya skrini yenye jina lake na tarehe. Kifurushi kilichofungwa kikasahaulika hakipati viraka vya usalama, na mimi nasahau. (`apt-mark showhold` ingenikumbusha, lakini nayo ni mpaka nikumbuke kuiendesha.)

Wapo wenzangu wanaosema kama inafanya kazi usiiguse. Nawaelewa, sikubaliani nao. Kwenye kompyuta hizi watu wanafungua barua pepe, wanajaza maombi ya mkopo na ya ajira, wanaandika nywila zao mbele yangu. Kumwekea mteja kivinjari kisichosasishwa tangu mwaka juzi ni kumwuzia chakula kilicholala. Kwa hiyo kivinjari hakisubiri Jumapili. Kiraka kikitoka, jioni ileile nikishafunga naendesha `apt-get install --only-upgrade firefox-esr`, basi.

Toleo zima jipya ni habari nyingine. Debian hutoa moja kila baada ya takribani miaka miwili: la 12 lilitoka Juni 2023, la 13 Agosti 2025. Mimi sikuligusa hadi Desemba, shule zimefunga na hakuna mwalimu mwenye mtihani. Nilianza na mashine ya nyuma, ile ya kuandikia wasifu, nikaiacha ifanye kazi wiki mbili ndipo nikaenda kwa ya pili. Ya tatu bado iko kwenye 12, kwa ajili ya ile printa. Toleo hilo litaendelea kupata viraka vya muda mrefu hadi Juni 2028, na karatasi yangu bado imebandikwa.